Bili ya Mvua Hulipwa Zizini

Mtoto wa mfugaji akishikwa na homa kali huko Manyoni, mkoani Singida, baba hapekui mifuko. Kukicha anachagua mbuzi, anamswaga mnadani, na jioni nauli na dawa vimepatikana. Vijiji vingi vya Singida vimejitibu hivyo miaka nenda miaka rudi. Ng'ombe ni akiba, mbuzi ni bima.

Sasa, msikilizaji, chukua mwaka ambao mbuzi na mtoto wanaugua pamoja.

Ulikuwa 2007. Mwishoni mwa 2006 mvua zilipita kiasi Afrika Mashariki, maji ya Bahari ya Hindi upande huu yakiwa yamepata joto lisilo la kawaida. Hiyo ni hali ambayo wanasayansi wanatarajia ijirudie mara nyingi zaidi kadiri dunia inavyopata joto. Januari, homa ya Bonde la Ufa ikaibuka Arusha, ikasambaa hadi mikoa 10, Singida ukiwamo. Nchi nzima watu zaidi ya 300 waliugua vibaya, zaidi ya 140 wakafa. Dodoma, jirani wa mlango wa pili, uliumia sana.

Ugonjwa huu una subira ya ajabu. Mbu aina ya Aedes hutaga kandokando ya madimbwi ya mbugani, na baadhi ya mayai hubeba kirusi. Maji yakikauka, mayai yanabaki katika tope lililopasuka kwa miaka kadhaa. Mafuriko yakiyafunika, yanaanguliwa. Wa kwanza kuumwa ni mifugo: zizi zima linatupa mimba, wanakondoo wanakufa. Kisha zamu ya binadamu, yule aliyemzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, au aliyewahi kumchinja mnyama aliyezorota ili asipate hasara tupu. Naam, ni kuogopa hasara kunakomtia mtu mikono damuni.

Watafiti walikadiria kuwa kuudhibiti mlipuko ule kuligharimu karibu dola milioni 4. Mifugo iliyokufa ilikuwa na thamani kubwa kuliko hapo. Minada ikafungwa, walaji wa mijini wakaisusa nyama ya ng'ombe, na yule baba hata mbuzi mzima akawa hana pa kumuuza.

Ilikuwapo kadi ya bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, mpango uliojaribiwa kwanza Igunga, ng'ambo tu ya mbuga za Wembere, katika miaka ya 1990. Ulipoboreshwa, kaya ya watu 6 ikatakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Hazikuwa nyingi. Lakini kwa mfugaji hizo nazo zilitoka kwa mbuzi, na kadi haikumtibu mbuzi.

Kwa hiyo sindano ya chanjo ya ng'ombe ingefaa iandikwe kwenye hesabu za afya ya watu. Ugumu uko kwenye wakati. Chanjo ya zamani inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, na kuchanja wakati ugonjwa umeshaingia ni hatari, kwani sindano ikitumika tena hubeba kirusi kutoka mnyama hadi mnyama. Inabidi kuchanja kukiwa kukavu, mbu hajaonekana, na mfugaji haoni sababu ya kukusanya kundi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa mvua za Msimu zinapokaribia, Novemba ikiwa mlangoni. Lakini mwaka wa bajeti wa halmashauri huanza Julai, miezi kadhaa kabla ya tangazo hilo.