Kibua inajua bei ya kunyamaza
Maneno yetu juu ya sheria zinazotaka kufunga mdomo wa mwalimu



Tumekuja kuzungumza juu ya neno ambalo linawasha moto kila mara mtu analigusa. Ni sheria zinazotaka kumkataza mwalimu kusema darasani juu ya watu wa LGBT, maana yake watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, ao wale ambao hawajisikii kuwa mwanaume ao mwanamke sawa vile walivyoandikwa wakati wa kuzaliwa. Mu vikundi vya WhatsApp video zinazunguka, mmoja anaandika "Serkali ifanye sawa Uganda!", mwingine anajibu kwa matusi, kisha wote wanalala. Wengi wenu mmetuuliza: ninyi harakati mnasema nini?

Jibu letu tunalitoa sasa hivi, tusizungushe. Sheria ya namna hiyo tunaikataa. Na sababu yetu hatukuitoa Ulaya. Tumeitoa Kibua.

Kwanza tuangalie majirani, juu mjadala huu umefika kwetu kupitia kwao. Uganda, tarehe 26 Mei 2023, prezida Museveni aliweka sahihi kwenye sheria inayopiga vita mapenzi ya jinsia moja. Ndani yake kuna kosa linaloitwa "kutangaza" mapenzi hayo, na azabu yake inaweza kufika miaka 20 ya gereza. Tarehe 3 Aprili 2024 Korti ya Katiba kule Kampala iliondoa vipande vichache, kama kile kilicholazimisha watu kushitaki wenzao kwa polisi, lakini sehemu kubwa ikabaki, na kosa la "kutangaza" likabaki. Tanzania, Februari 2023, waziri wa elimu Adolf Mkenda alikataza vitabu 16 mashuleni, akisema vinaenda kinyume na mila na maadili. Ndani ya vile vitabu kulikuwa Diary of a Wimpy Kid, kitabu cha kuchekesha ambacho watoto wa dunia nzima wanasoma. Kenya, mwaka ule ule wa 2023, depite Peter Kaluma alileta pendekezo la sheria ya kulinda familia, na waziri wa elimu Ezekiel Machogu akatangaza kamati ya viongozi wa dini ya kuangalia jambo hili mashuleni.

Na sisi Kongo? Hatuna sheria inayotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke, basi. Lakini kuna wabunge waliojaribu kuleta azabu: mwaka 2010 pendekezo la Ejiba Yamapia, mwaka 2013 pendekezo la Steve Mbikayi. Hayakupita. Hamu haikuisha lakini. Kila wakati inchi iko na matatizo makubwa, kuna mkubwa anayekumbuka kwamba hii mada inapigiwa makofi bila kutoa hata franga moja.

Sasa twende Kibua.

Ninyi wa mjini wengi hamjafika. Ukitoka Sake, unapanda Masisi, unapita Nyabiondo, unaendelea mpaka unaingia Walikale. Kibua iko pale, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Mpofi. Tarehe 30 Julai 2010 mpaka tarehe 2 Agosti, vikundi vyenye silaha, Mai-Mai wa Sheka, FDLR na askari waliotoroka jeshi, viliingia mu vijiji 13 vya barabara ile ya Kibua–Mpofi. Luvungi njo jina ambalo dunia ililisikia. Siku nne. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu 387 waliobakwa, na walisema wazi hesabu ile ni ya wale waliojulikana tu. MONUSCO walikuwa na kambi yao palepale Kibua.

Hesabu ile ya 387 mara nyingi inatajwa hivi tu, kama namba moja. Tuifungue. Wanawake 300. Wasichana 55. Wanaume 23. Wavulana 9.

Mama zetu na dada zetu walikuwa wengi kupita wote, na hatutaacha kulisema. Lakini leo tunaomba msimame kidogo mbele ya wale wavulana 9. Mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2010 leo ni kijana kama sisi. Fikirini alivyorudi shuleni. Nani darasani alikuwa na maneno ya kumwambia kwamba kilichomfikia kinaitwa ubakaji, na kwamba mwenye kosa ni yule aliyefanya? Neno moja tu lilikuwa linajulikana mu uwanja wa shule, na lilikuwa tusi. Mvulana aliyebakwa na wanaume anaogopa vitu viwili kwa mara moja: anaogopa wale waliomtendea, na anaogopa kijiji kumwita shoga. Akichagua kunyamaza, hatuwezi kumlaumu.

Na kunyamaza kuko na bei. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI kisha mtu kubakwa inapaswa kuanzwa ndani ya masaa 72. Siku tatu. Kutoka vijiji vile kufika hospitali yenye dawa ni safari ya matope, ya vizuizi, ya kuomba lifti. Mtoto asiyejua aseme nini, na amwambie nani, anapoteza siku tatu zile akiwa amekaa kimya nyumbani. Hakuna sheria itakayomrudishia.

Watu wengine watasema: "Lakini ubakaji na ushoga ni vitu viwili mbalimbali." Kabisa! Hata sisi tunasema hivyo. Kubaka ni jeuri, ni silaha ya vita. Watu wawili wakubwa wanaopendana bila kulazimishana ni jambo lingine. Shida ni kwamba mtoto ataijua tofauti hiyo siku mtu mkubwa atamwelezea. Mwalimu anayeogopa miaka 20 ya gereza hataeleza. Swali likiinuliwa darasani, "Mwalimu, mwanaume anaweza kubaka mwanaume?", ataangalia mlango, atasema tufungue kitabu cha jiografia. Sheria imeandikwa kwa neno pana kama "kutangaza", hakuna anayejua mpaka wake uko wapi, basi kila mtu anakaa mbali kabisa na mpaka.

Hatusemi maneno ya kuwaza tu. Imekwisha kutokea, na waliopatwa ni watu wetu. Kampala kuna Refugee Law Project, ofisi ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo kwa miaka mingi ilisaidia wakimbizi wa Kongo, ndani yao wanaume waliobakwa kwenye vita vya Kivu. Wanaume hawa walifika mpaka kuunda chama chao, Men of Hope, wakaanza kusema kwa sauti yao. Februari 2014 Museveni aliweka sahihi kwenye sheria ya kwanza. Mwezi uliofuata, Machi 2014, serkali ya Uganda ikasimamisha kazi ya ofisi ile kwa wakimbizi. Lawama ilikuwa nini? "Kutangaza ushoga." Mwanaume aliyekimbia Kivu na jeraha lake, aliyepata mahali pamoja pa kusikilizwa, mlango unafungwa mbele yake juu ya neno moja ndani ya sheria. Agosti 2014 Korti ya Katiba ilifuta sheria ile, kwani wabunge hawakutosha siku ya kura, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia mu vichwa vya watu.

Sasa linganisheni na sheria yetu sisi wenyewe. Tarehe 20 Julai 2006 Kongo ilibadilisha sheria ya azabu juu ya jeuri ya ngono. Mbele ya hapo, mwanaume aliyebakwa hakuwa na nafasi mu maana ya neno ubakaji. Sheria ya 2006 ikaandika wazi kwamba mwanaume ao mwanamke, wa umri wowote, anaweza kubakwa, na azabu ni miaka 5 mpaka 20. Miaka minne baadaye, wakati wachunguzi walifika barabara ya Kibua, wale wanaume 23 na wavulana 9 waliweza kuandikwa kama watu waliobakwa, wakiwa na haki mbele ya tribinali ya Kongo. Sheka mwenyewe alijitoa mwaka 2017, na Novemba 2020 korti ya kijeshi Goma ikamhukumu kifungo cha maisha. Hukumu moja haitoshi, tunajua. Lakini ilianza mahali watu walikubali kutaja jambo kwa jina lake.

Kifungu cha 15 cha Katiba yetu kinaagiza wakubwa wa serkali wahakikishe jeuri ya ngono inaisha. Depite anayetaka kufunga mdomo wa mwalimu atuambie kwanza atakitimiza vipi kifungu hicho kwa watoto walionyamazishwa.

Wazazi wanatuuliza: "Nyinyi batoto ba mu muji, munataka kufundisha batoto betu nini?" Swali la haki. Mzazi ana haki ya kujua kinachosemwa darasani, na ana haki ya kufundisha imani yake nyumbani na kanisani ao muskitini. Ndani ya harakati yetu kuna Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu, na mezani hatukubaliani wote juu ya ndoa. Kardinali Ambongo aliposema, Januari 2024, kwa jina la maaskofu wa Afrika, kwamba hawatabariki wapenzi wa jinsia moja, kati yetu kuna waliofurahi na kuna waliohuzunika. Tunaendelea kukaa pamoja. Tunalokubaliana wote ni hili: mtoto wa miaka kumi na tatu ajue mwili wake ni wake, ajue hakuna mkubwa mwenye ruhusa ya kuugusa kwa nguvu, awe mwanaume ao mwanamke, na ajue aende wapi.

Wengine wanasema: "Ile njo maneno ya Wazungu." Waangalie vizuri. Msichana wa mjini anayeombwa mwili wake ili apewe alama, ile ambayo wanafunzi wenyewe wameipa jina la "points sexuellement transmissibles", hakuletewa shida hiyo na Mzungu. Waliokuja Luvungi usiku hawakutumwa na kitabu cha shule. Hatari za watoto wetu tunazijua kwa majina, na mara nyingi zina silaha, ao zina daftari la alama.

Na tusijifiche nyuma ya wale wavulana 9 tu. Mu mashule ya Goma, ya Bukavu, ya Butembo, kuna wanafunzi ambao ni wa LGBT. Ni watoto wa watu, wanalipa prime kama wengine, wanaandika Egzameni ya Serkali kama wengine. Wanachekwa, wanapigwa, wengine wanaacha masomo. Sheria inayosema hata jina lao lisitajwe inamwambia yule anayewapiga kwamba anasaidia serkali. Harakati inayodai heshima ya mwanainchi haiwezi kuchagua mwanainchi gani apigwe. Asiyekubaliana nasi hapa tunamwalika tuzungumze, uso kwa uso, bila matusi.

Kwa hiyo tunaomba haya:

1. Wabunge wetu wasilete sheria yenye kosa la "kutangaza", kwa jina lolote, ndani ya shule.

2. Wizara ya elimu iwape walimu wa somo la Éducation à la vie mafunzo juu ya jeuri ya ngono, na iandikwe wazi kwamba wavulana pia wanabakwa. Mwalimu ajue mambo ya masaa 72.

3. Vituo vya afya vya Masisi na Walikale, Kibua ikiwa ndani, vipate dawa zile na vizilinde zisiishe. Kumfundisha mtoto aende kituoni, halafu akute kabati tupu, ni kumdanganya.

4. Ninyi vijana wa mjini: kabla ya kusukuma video ya "tufanye sawa Uganda", isomeni kwanza ile sheria. Na mu kikundi chenu, mtu akitumia lile tusi kwa mwenzake, msicheke. Inawezekana kati ya wale 200 walio ndani ya kikundi yuko mmoja anayengoja kuona kama anaweza kusema.

Wandugu, kati ya wale 387 kuna waliotoa ushuhuda mbele ya watu wasiowajua, wakati wauaji walikuwa bado wanatembea mu misitu ya karibu. Walikuwa na sababu zote za kunyamaza. Sisi tulio na simu na umeme, hata kama ni wa masaa machache, tunashindwa kuachia mwalimu nafasi ya kujibu swali la mtoto?

Sasa ni zamu yenu: maswali, na hata mabishano.