Jinsi ya Kupima Faida na Hasara za Mipango ya Maendeleo



Mwaka 1954 Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo alitoa mpango wa kuunganisha vipande vya mashamba na kupanda mazao ya kuuza, hasa kahawa. Hapa Nyeri faida yake imezoeleka kuhesabiwa kwa hatimiliki, ekari na fedha. Na kweli fedha ziliingia. Lakini mashamba yalipopimwa, wanaume wengi walikuwa kizuizini, na ahoi, waliolima kwa hisani ya wenye ardhi, walikosa pa kulima. Mpango wenyewe ulikuwa umekiri kwamba wengine watabaki bila ardhi. Ekari hazimhesabu asiye na ekari.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 ilitaka athari za mradi zichunguzwe kabla haujaanza, na kanuni za mwaka 2003 ziliagiza mikutano isiyopungua mitatu na watakaoguswa. Basi ikija barabara au bwawa, tuandike kwanza nani analima wapi na nani anachota maji wapi, awe na hatimiliki au asiwe nayo. Wajane na wapangaji waulizwe wao wenyewe, si sisi kuwasemea. Miaka mitano baadaye tuwarudie watu wale wale kwa maswali yale yale. Daftari litatunzwa katika ofisi ya chama, wala lisifungwe siku ya kukata utepe.