Mbwa wa Kuokota: Huruma Peke Yake Haitoshi

(Maongezi ya bwana mifugo wa kata na wanachama wa klabu ya afya katika shule ya sekondari ya kutwa, Tanzania)

 

Mwalimu wenu wa klabu kaniambia kuna swali linalowagawa. Ukimkuta mtoto wa mbwa ametupwa jalalani, ufanyeje? Wengine mnasema achukuliwe, masikini, anateseka. Wengine mnasema, aa, huyo ni mbwa koko, ana kichaa, apigwe mawe. Leo tuliongee waziwazi, maana huruma ina ukweli wake, na woga nao una ukweli wake.

Nianze na woga. Kichaa cha mbwa kinaletwa na kirusi kinachokaa kwenye mate. Unakipata kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Na katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani wadogo zenu, na nyie wenyewe wa kidato cha kwanza.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Ugonjwa huu unaua, lakini unazuilika. Mwaka 1885 Louis Pasteur, kule Ufaransa, alimchoma chanjo mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule akaishi. Siku hizi tunachanja mbwa wenyewe. Wakichanjwa mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kuwapiga mawe hakusaidii, maana baada ya miezi michache wanazaliwa wengine ambao hawajachanjwa, na tunarudi palepale. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aliyetunzwa na kuchanjwa ni kinga ya mtaa mzima.

KABLA HUJAMCHUKUA

Kwanza, uliza nyumbani. Usimfiche uani ukidhani mama atazoea. Mbwa anaishi miaka 10 na zaidi. Wewe uko kidato cha pili, ukimaliza chuo yeye bado yupo. Nani atamlisha ukienda bweni? Hela ya dawa itatoka wapi? Kama mmepanga, mwenye nyumba anasemaje? Na kama jirani au ndugu zako ni Waislamu, kumbuka kwamba kwao mate ya mbwa ni najisi. Mbwa awe na banda lake na vyombo vyake, asizurure sehemu ya kusalia. Hilo halina maana kwamba mbwa anyanyaswe, maana hadithi ya yule aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu Waislamu wanaijua vizuri kuliko mimi.

Pili, tazama kama mama yake yuko karibu. Pengine katoka tu kutafuta chakula. Mtoto wa mbwa asiachishwe kabla ya wiki 8. Utajuaje umri? Meno ya utoto huanza kuota akiwa na wiki 3 hivi, na kufikia wiki 8 huwa yameshatoka karibu yote. Ila usimfungue mdomo mbwa usiyemjua! Hiyo ni kazi ya mtu wa mifugo.

Tatu, mtazame kwa mbali. Kama anapepesuka, anatoka udenda mwingi, anashindwa kumeza au anang'ata kila kitu mpaka vijiti, usimguse. Udogo wake usikudanganye, hata mtoto wa mbwa anaweza kuwa na kichaa. Toa taarifa kwa bwana mifugo au ofisi ya mtendaji. Kama anaonekana mzima, mbebe kwa gunia au kitambaa kizito, si kwa mikono mitupu.

UKING'ATWA

Hapa naomba muandike.

1. Osha kidonda hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Huna bomba? Mtu amimine kwa kopo. Sabuni ya mche inatosha.

2. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa.

3. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo yenyewe ni sindano kadhaa, nyingi huchomwa mkononi, si zile za tumboni mlizosimuliwa na babu. Ukianza, maliza zote.

4. Mbwa asiuawe kama anaweza kufungwa salama. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Lakini wewe usikae nyumbani kusubiri hizo siku 10. Nenda kwanza, mtaalamu ndiye aamue.

Na usifiche eti utagombezwa. Kugombezwa kunapita.

SIKU ZA KWANZA NYUMBANI

Basi mmekubaliana, mtoto wa mbwa yupo nyumbani. Siku tatu za kwanza atakuwa mwoga. Atajibanza chini ya tenga, atakataa kula, usiku atalia. Hana kiburi wala mashetani. Amezoea kulala akiwa amebanana na ndugu zake, leo yuko peke yake. Mpe boksi au banda lisilovuja, weka gunia kavu na nguo kuukuu. Watoto wa mtaa wasije kumi kwa mkupuo kumbeba. Kaa karibu naye kimya, mwache aje mwenyewe.

Chakula apewe kidogokidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Ugali laini na dagaa waliochemshwa bila chumvi ni chakula kizuri. Maziwa mengi ya ng'ombe humharisha. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma utumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Maji safi yawepo muda wote.

Haja je? Mtoe nje akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza. Akijisaidia pale unapotaka, msifu saa hiyohiyo, mpe hata kipande cha dagaa. Akichafua ndani, safisha, basi. Ukimpiga au kumsugua pua kwenye uchafu, anachojifunza ni kukuogopa wewe. Na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata.

Mpaka kwenye wiki 14 hivi, akili ya mbwa iko wazi kupokea mambo mapya. Huo ndio wakati wa kumzoesha baiskeli, mwavuli, bibi mwenye fimbo, kuku na watoto. Afanye hivyo hapo nyumbani, taratibu, bila kukutana na mbwa wa nje kabla hajapata chanjo zake.

AFYA YAKE NA YAKO

Minyoo: karibu kila mtoto wa mbwa anayo. Mayai yake hukaa kwenye udongo, na mdogo wako anayetambaa huyala. Kwa hiyo apewe dawa ya minyoo kila wiki 2 mpaka afike miezi 3. Kinyesi kizolewe kila siku, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kupe na viroboto: usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe na kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Mbwa wengi wamekufa hivyo. Uliza.

Chanjo: ya kichaa cha mbwa kwa kawaida tunampa akiwa na miezi 3, kisha tunarudia baada ya mwaka. Kwenye kampeni tunachanja hata walio wadogo zaidi. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe ambayo Pasteur alifariki mwaka 1895. Tunzeni cheti. Ipo pia chanjo ya distempa. Msiidharau distempa. Mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti wengi waliona kuwa chanzo ni mbwa wa vijiji vya jirani.

MASWALI YA WANAFUNZI

Mwanafunzi: Shikamoo. Kaka yangu anasema mbwa akilishwa pilipili au bangi anakuwa mlinzi mkali. Ni kweli?

Marahaba. Si kweli. Pilipili inamuunguza tumbo, bangi inamlevya. Mlevi analinda nini? Na kumfunga mnyororo mfupi mchana kutwa kunamfanya amchukie kila mtu, hata wewe. Mbwa mlinzi ni yule anayewajua wa nyumbani, kwa hiyo anamtambua mgeni.

Mwanafunzi: Nyumbani wanataka dume tu, eti jike ni mzigo.

Ndiyo maana majike wengi wanatupwa jalalani! Jike analinda sawasawa na dume. Kuanzia kama miezi 6 anaweza kupata joto, na kwa kawaida hupata mara 2 kwa mwaka. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga uzazi. Usipofanya hivyo, andaa nyumba za watoto 6 au 8 kila uzao. Tunamwokota mmoja kisha tunazalisha wanane wa kutupwa, sasa tumefanya nini?

Mwanafunzi: Mbwa wetu amechanjwa. Akining'ata, bado niende kituoni?

Osha dakika 15, nenda, chukua na cheti. Mtaalamu ataamua.

Mwanafunzi: Na kama nyumbani wamekataa kabisa?

Basi wamekataa, na hujafanya kosa. Nitumieni habari. Tutamtafutia mwenye nafasi, au atachanjwa na kubaki mbwa wa mtaa anayejulikana. Bora mbwa aliyechanjwa asiye na kwao kuliko mwenye kwao ambaye hajachanjwa. Hata huko nyumbani mnakofuga mbwa miaka yote, hebu leo jioni ulizeni: cheti chake kiko wapi? Asiyekiona aje ofisini kwangu Jumatatu.