Akikoroma na Mashine Imewashwa

Iwe unaanika omena kule Mbita, unapanga mboga sokoni Rongo ama unangoja maji yachemke hapo Migori mjini, vuta kiti karibu na redio.

Leo naanza na mama mmoja aliyenijia kliniki. Mumewe ni dereva wa lori la miwa. Alipimwa akaambiwa ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na familia ikajinyima mpaka ikamnunulia mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Mashine hiyo huitwa sipapu. Mwezi wa kwanza nyumba ilitulia. Mwezi wa tatu kukoroma kukarudi. Mama akajiambia, "Si ana mashine? Haidhuru." Akageukia upande wa pili akalala. Wiki mbili baadaye mzee alisinzia kwenye usukani na lori likaingia mtaroni. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Lakini mama aliniambia, "Sista, mimi nilisikia, nikanyamaza."

Mpenzi msikilizaji, mtu aliyelala hajisikii akikoroma. Wewe uliye karibu naye ndiwe sikio lake. Akikoroma na mashine imewashwa, usinyamaze.

Kwa nini? Tukilala, nyama za koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea mno, njia ya hewa ikawa nyembamba, na hewa ikipita kwa shida ndipo tunasikia kukoroma. Njia ikiziba kabisa, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kisha mgonjwa hushtuka kama anayekabwa, huvuta hewa, na kulala tena. Jambo hili huweza kurudi mara nyingi kwa saa moja. Asubuhi anaamka amechoka na kichwa kinamwuma, na mchana anasinzia. Ugonjwa huu pia hupandisha shinikizo la damu.

Matibabu ya sipapu yalianzishwa na Daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, nao wakatangaza matokeo yao mwaka wa 1981. Mashine hupuliza hewa ya kawaida kwa nguvu kidogo kupitia mpira na barakoa. Umeona ule mpira bapa wa kumwagilia shamba kando ya ziwa? Bila maji umelala chini. Maji yakipita kwa nguvu, unafura na kubaki wazi. Hewa ya sipapu hulishikilia koo vivyo hivyo. Haiondoi ugonjwa, humsaidia mtu saa zile tu anapoivaa.

Kwa hiyo ukisikia kukoroma, jua hewa haifiki au haitoshi. Chukua tochi, tukague pamoja.

Kwanza, barakoa. Pitisha kiganja kando yake. Hewa ikipuliza machoni au mashavuni, imekaa vibaya. Iinue kidogo, iketishe upya, kisha sawazisha mikanda pande zote mbili huku amelala na mashine inafanya kazi. Usikaze kupita kiasi; hiyo huleta vidonda na huweza kuzidisha kuvuja. Aoshe uso kabla ya kulala, kwa maana mafuta ya kujipaka huifanya iteleze. Barakoa yenyewe ioshwe kila siku kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, ikaushwe mahali pasipo jua.

Hapa sikiliza vizuri. Barakoa ina matundu madogo ambayo hutoa hewa wakati wote. Huko si kuvuja. Ndiyo njia ya kutolea pumzi aliyokwisha kuitumia. Usiyazibe kwa plasta wala kitambaa. Ni hatari.

Pili, mdomo. Kama barakoa yake ni ya pua peke yake na mdomo umeachama, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni. Asubuhi ataamka kinywa kikavu. Usimbandike plasta mdomoni. Uliza kliniki kuhusu barakoa inayofunika pua na mdomo.

Tatu, pua. Mafua na vumbi vikiiziba, hewa haipiti. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa husaidia. Ikiendelea kuziba, amwone daktari wa masikio, pua na koo.

Nne, mpira na chujio. Hapa kwetu tunalala ndani ya neti, na ni lazima, kwa sababu malaria ya ukanda wa ziwa sisi sote twaijua. Lakini ukichomeka neti chini ya godoro, unaweza kuubana mpira wa hewa ukakunjika. Upitishe upande wa kichwani, kisha uukague kwa kuupapasa wote. Tafuta pia mpasuko. Ukisikia maji yakibwabwaja ndani, yamwage, na uweke mashine chini kuliko kichwa chake. Chujio nalo likaguliwe kila wiki, kwa maana vumbi la barabara za murram halina huruma. Kuna chujio la kuosha na kuna la kubadilisha. Waulize waliokupa mashine lako ni lipi.

Tano, jinsi alivyolala. Akilala chali, koo hulegea zaidi. Mgeuze kwa ubavu. Pombe na dawa za usingizi nazo hulegeza koo.

Na stima ikipotea, mwamshe aondoe barakoa mara moja. Mashine iliyozimika haipulizi hewa.

Ukifanya hayo yote na bado anakoroma usiku tatu mfululizo, nendeni kliniki na mashine mkononi. Usibadilishe nguvu ya hewa mwenyewe. Huenda ameongeza uzito na anahitaji kupimwa upya. Usiku mmoja kaa macho nusu saa, uandike kwenye karatasi: saa ngapi, alilalaje, pumzi zilikatika mara ngapi. Karatasi hiyo itamsaidia sana daktari. Na mpaka tatizo litatuliwe, anayesinzia mchana asiendeshe gari wala bodaboda.

Neno kwa wanaotumiwa mashine kuukuu na jamaa walio ng'ambo. Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudishwa kwa aina kadhaa za mashine zake, kwa sababu sponji iliyomo ndani iliweza kuchakaa na mgonjwa akaivuta. Andika jina na nambari ya mashine, uipeleke ikaguliwe kabla haijatumiwa. Nguvu ya hewa iliyopimwa kwa mtu mwingine si yako.

Yule dereva je? Hakuwa na ugonjwa mpya. Neti ilikuwa imeukunja mpira, na ukingo wa barakoa ulikuwa umechanika. Mkewe aliogopa kusema kwa sababu mzee huona aibu akiambiwa anakoroma. Akina mama, semeni kwa upole: "Baba Achieng, usiku hewa haikupita vizuri. Hebu tuangalie barakoa." Kukoroma si aibu, ni dalili.

Leo usiku, kabla hujafunga macho, sikiliza kidogo. Wiki ijayo tutazungumza juu ya mtoto anayekoroma, hasa mtoto mwenye selimundu. Kwa leo ni hayo. Oriti, na mlale salama.