UMEME WA KUPITIA BAHARINI: FUNZO LA ZANZIBAR KWA SONGEA

(Maelezo kwa wananchi wa Songea, Mkoa wa Ruvuma)



Songea iko mbali na bahari, na huenda mtu akauliza habari za waya uliolazwa chini ya maji zinamhusu nini mkaazi wa Ruvuma. Zinamhusu, kwa kuwa Songea na Unguja zote zilitegemea mitambo ya dizeli, kisha zote zikaunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia moja ndefu.

Unguja iliunganishwa mwaka 1980. Waya wa kilovolti 132, wenye uwezo wa megawati 45, ulilazwa kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Kisiwa kikapata nafuu ya mafuta, lakini kadiri miaka ilivyopita kikabaki bila ya mitambo ya akiba ya kutosha.

Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 ulikatika tena, na haukurejea hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, wananchi wakarejea visimani na ndoo. Mwenye uwezo alinunua jenereta. Asiye nao alikaa gizani. Pemba haikuathirika, kwani wakati huo ilikuwa ikitumia mitambo yake ya dizeli.

Baada ya hapo hatua zilichukuliwa. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa kutoka Tanga kwa waya wa kilovolti 33, kwa msaada wa Norway. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya wa pili wa Unguja, wenye uwezo wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani.

Songea nayo iliunganishwa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Makambako kupitia Madaba, yenye urefu wa kilomita 250 hivi. Njia ya nchi kavu ina nafuu yake: fundi huifikia kwa gari na kuiona kwa macho, ilhali hitilafu ya chini ya bahari hutafutwa kwa vipimo na hutaka meli na wataalamu maalumu. Hata hivyo, nayo ina maadui wake, nao ni moto wa msituni, miti inayoangukia nyaya na wizi wa vyuma vya minara.

Kwa hiyo inasisitizwa mambo matatu:

1. Mtu yeyote asichome moto wala kupanda miti chini ya njia ya umeme.

2. Anayeona chuma kimefunguliwa atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji bila ya kuchelewa.

3. Hospitali na vituo vya kusukuma maji viwe na jenereta ya akiba, yenye mafuta na iliyojaribiwa, hata katika miezi ambayo umeme haukatiki.

Unguja ilijifunza hayo kwa miezi mitatu ya giza. Songea inaweza kujifunza taa zikiwa zinawaka. Akiba haiozi.