KURA ISIYOHESHIMIWA HUZAA WAKIMBIZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Mpanda)



Nimetakiwa niseme juu ya demokrasi na utawala wa mabavu. Wengi wakiyasikia maneno haya hudhani ni mambo ya mabwana wa vyuo vikuu, yasiyomhusu mkulima wa mahindi wala wa tumbaku. Mimi nasema yanamhusu, na ushahidi hauko mbali. Uko Katumba, na uko Mishamo. Katika mkoa wetu huu wa Katavi wako maelfu ya watu ambao wazazi wao walitoka nchi ambayo kura zilipigwa, na wakubwa wakakataa kuzitii.

Yuko mtaalamu wa elimu ya siasa, René Lemarchand, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Mwaka 1970 alitoa kitabu kikubwa juu ya Rwanda na Burundi, na mwaka 1974, pamoja na David Martin, akatoa ripoti juu ya mauaji yaliyotokea Burundi mwaka 1972. Watu wengi wa Ulaya walikuwa na jibu jepesi: eti Wahutu na Watutsi wamechukiana tangu kale, basi wakauana. Lemarchand alilikataa jibu hilo. Alionyesha kwamba zamani ugomvi mkubwa wa Burundi ulikuwa baina ya koo za kifalme zenyewe, na kwamba chuki ya Mhutu na Mtutsi ilikuzwa na watu waliokuwa wakigombea dola.

Sikilizeni jinsi mambo yalivyokwenda. Septemba 1961 chama cha UPRONA, kikiongozwa na Louis Rwagasore, mwana wa mfalme, kilipata viti 58 katika 64. Wahutu na Watutsi walikuwamo pamoja katika chama hicho. Haukupita mwezi, tarehe 13 Oktoba, Rwagasore akapigwa risasi akafa. Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe naye akauawa. Mwezi Mei mwaka huohuo wananchi wakapiga kura tena, na Wahutu wakapata viti 23 katika 33. Mfalme Mwambutsa alifanya nini? Akamchukua Léopold Biha, mtu wake wa karibu na wa ukoo wa kifalme, akamfanya Waziri Mkuu.

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Mtu akishinda kwa haki akanyimwa, mwenye subira hunung'unika, na asiye na subira hutafuta silaha. Oktoba 1965 baadhi ya askari walijaribu kuipindua serikali wakashindwa, na viongozi wengi wa Kihutu wakauawa. Mwaka 1966 Michel Micombero akaufuta ufalme, na UPRONA ikawa chama pekee. Aprili 1972 yakazuka maasi kusini mwa nchi, na raia wengi wa Kitutsi wakauawa. Serikali ikalipiza kwa kuwasaka waalimu, makarani na wanafunzi wa Kihutu. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 200,000, na wako wanaosema zaidi. Waliosalimika wakakimbilia kwetu, wakapewa msitu wa Katumba waulime, na tangu mwaka 1978 wengine wakapelekwa Mishamo.

Ndugu zangu, angalieni jambo moja. Pamoja na askari, vijana wa chama nao walishiriki katika msako ule, na umoja wao ulikuwa umepewa jina la Rwagasore, yule aliyewaunganisha Wahutu na Watutsi. Jina zuri la mwanzilishi halikizuii chama kuwa rungu.

Mtaniuliza: Je, kosa ni chama kimoja? Nawajibu kwamba tusiharakishe. Mwaka uleule wa 1965 Tanzania nayo ilifanya uchaguzi wa chama kimoja. Mmoja alisimama kwa alama ya jembe, na mwenzake kwa alama ya nyumba. Wananchi wakamwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, na matokeo yakakubaliwa. Hilo lilikuwa jema. Lakini kwa Urais karatasi ilikuwa na jina moja tu, na mwenye fikira nje ya chama hakuwa na pa kusimama. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima. Kama watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wachache nao ni wananchi.

Na sisi wa Mpanda tumeyaona matunda yake. Mwaka 2005, na tena 2010, mji huu ulimchagua Said Amour Arfi wa Chadema. Mwaka 2015 kiti kikarudi CCM. Kilikwenda, kikarudi, na hakuna mtu wa Mpanda aliyelazimika kuvuka Ziwa Tanganyika kwa sababu yake.

Lakini wakati huo wote, jirani zetu wa Katumba na Mishamo walikuwa wakitazama tu. Walilima, wakauza, wakatulisha, nao waliishi chini ya mkuu wa makazi, na kutoka nje walihitaji kibali. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000, pamoja na wale wa Ulyankulu, walikubaliwa kuwa raia, lakini vyeti havikutolewa, kwa kuwa walitakiwa kwanza wahame waende mikoa mingine. Wakangoja hadi Oktoba 2014. Asiye na kura hupangiwa hata pa kuchimba kaburi. Mwaka 2015 ndipo walipopiga kura kama Watanzania.

Sasa, kipimo hiki tusikitumie kwa jirani peke yake. Tarehe 29 Oktoba 2025 tulikuwa na uchaguzi wetu. Chadema ilikuwa imezuiwa kushiriki, na Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa shitaka la uhaini. Yakatokea maandamano, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakapigwa risasi wakafa. Mshindi akatangazwa kwa kura karibu 98 katika kila 100. Sisemi kwamba Tanzania ni Burundi. Nasema kwamba Burundi haikufika mwaka 1972 kwa siku moja, ilifika kwa hatua, na kila hatua walikuwapo watu waliosema, "Hili ni dogo, litapita." Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Basi tujiulize maswali matatu kila mara, sisi wanachama kabla ya wengine. Anayetupinga aweza kusimama mbele ya watu akasema? Kura zikihesabiwa, mkubwa aliyeshindwa ataondoka? Na aliyeshindwa na wafuasi wake watalala salama majumbani mwao? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, hiyo ni demokrasi. Likiwa hapana hata mara moja, tuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo haingoji siku ya uchaguzi.

Na mtu wa Katumba akisimama katika mkutano wa kijiji kusema neno lake, asiwepo wa kumwambia, "Wewe Mrundi, nyamaza." Huyo ni raia, na gharama ya kunyamazishwa aijua kuliko sisi sote.