Jiografia Tuisome kwa Umoja
(Maneno tuliyowaambia walimu na wazazi wa Buhemba)



Sisi tuliotoka chuo cha ualimu tunakiri kosa letu. Tumewakaririsha watoto mito ya Ulaya, na dhahabu ya Buhemba imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Mtoto wetu hajui imefikaje ardhini, wala faida yake ilikwenda wapi. Asiyeijua nchi yake atailindaje?

Basi tugawe darasa mafungu manne. La kwanza lichunguze mawe na dhahabu. La pili maji: Mto Mara unatoka Mau, Kenya, ukaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. La tatu udongo na mazao. La nne barabara na masoko. Kisha kila fungu lifundishe wenzake, na wote wachore ramani moja. Fungu likizembea, ramani ya wote ina tundu.

Mwaka 1971 huko Austin, Marekani, Elliot Aronson aligawa masomo namna hii katika shule ambako watoto weusi na weupe walikuwa wameanza kuchanganywa. Walihitajiana, na chuki ikapungua.

Mtasema mvivu atabebwa. Hapana! Kila mtoto apewe sehemu yake na aulizwe yeye mwenyewe. Mwalimu naye asikae kitini, apite kila fungu.

Jirani yetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alionya mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isizae ubinafsi. Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Tuanze Jumatatu.